Waya wa 24K

Viatu sijavua. Nimekaa barazani na mfuko mapajani, na mtu asinisemeshe kwanza. Nimetoka Kariakoo. Jana pia nilitoka Kariakoo. Safari zote mbili sikufuata kitambaa wala bati, wala kitu chochote ambacho mtu mzima anaweza kukitaja mbele ya wenzake. Nilifuata waya. Waya mmoja wa mita moja na nusu, ili mtoto wa miaka 13 aone namba mgongoni mwa mchezaji ambaye hata si mtu.

Mimi ni mjumbe wa nyumba kumi. Nimesuluhisha kesi ya mbuzi aliyekula daftari la kikoba, likaliwa pamoja na madeni ya watu saba. Sikuwahi kudhani nitasimama Mtaa wa Aggrey jua la saa saba nikiulizwa na kijana mwenye kucha ndefu, "Mzee wangu, unataka K ngapi?"

Kosa langu ni ahadi. Nilimwambia kitinda mimba wangu akifaulu la saba nitamnunulia mashine ya gemu, nikijua uwezo wake. Mtoto akafaulu. Nikatafuta PS3 ya mtumba kwa kijana mmoja aliyekuwa anahamia Dodoma, nikalipa, nikaileta nyumbani nimeikumbatia kama kuku wa mahari. Mashine hizo zilianza kuuzwa 2006, kwa hiyo inamzidi umri anayeichezea. Ilipaswa kumlea.

Sasa sikilizeni. Nyuma ya mashine kuna tundu la HDMI, lile la kupitisha picha safi kwenda kwenye TV, tena zima. Lakini waliofungasha mzigo kule kiwandani wakaona boksini watie waya wa rangi tatu: njano, nyeupe na nyekundu. Ni kama kumwoza binti halafu mkwe unamkabidhi ufunguo wa nyumba ya jirani. Tukachomeka huo huo. Picha ikaja, lakini picha gani! Timu yenye jezi nyekundu inachuja kama kanga mpya kwenye beseni, wekundu unamwagika mpaka kwenye majani. Saa ya pembeni huwezi kujua ni dakika ya 63 au 88. Mtoto anafungwa, halafu anasema, "Baba, ni waya." Nyumba hii kila kitu ni waya. Pasi ikigoma, waya. Matokeo ya muhula yakishuka, naona nayo yatakuwa waya.

Nikamwita kijana wa nyumba ya tatu, anasoma chuo, mpole, kila siku shikamoo. Akanieleza vizuri tu. Ile pini ya njano ndiyo picha, hizo mbili ni sauti. Na picha yote, mwanga wake na rangi zake, imeshindiliwa kwenye waya mmoja kama abiria wa asubuhi wa Gongo la Mboto. Wakishuka kwenye TV hakuna anayejua mkoba upi wa nani, ndiyo maana rangi ya huyu inaonekana begani kwa yule. Nikamwambia mbona kwenye TV yetu ya chogo waya huo huo ulikuwa unaleta picha nzuri? Akasema chogo na waya wa njano walizaliwa pamoja. Mistari 576 ndiyo kimo chao. Flati yenyewe ina mistari 1080, ukiipa 576 inabidi iivute ienee, na kitu kikivutwa kinakuwaje, mzee? Nikasema kinapwaya. Akasema haswa.

Akaniambia dawa ni HDMI. Huo, akasema, haubebi picha, unabeba hesabu, sifuri na moja, na hesabu ama zimefika ama hazijafika. Zikifika, waya wa 8,000 na waya wa 45,000 picha ni ile ile. Usikubali maneno ya watu, mzee. Nikasema mimi? Maneno ya watu? Mimi mjumbe?

Daladala sitaisimulia. Aliyesimama miguuni mwangu alikuwa na ndoo ya dagaa, inatosha.

Dukani sasa. Duka lenyewe ni upana wa mlango. Kijana kakaa katikati, amezungukwa na nyaya zinazoning'inia kama mchawi na mizizi yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka HDMI."

"Ipo. Kuna orijino, kuna orijino kopi, na kuna orijino yenyewe."

Nikanyamaza kidogo. Nikauliza tofauti ya orijino na orijino yenyewe ni nini. Akasema orijino ni ile wanayoiita orijino. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, na hapo ndipo nilipokwisha.

"Ya TV au ya gemu?"

"Ya gemu."

"Aa, gemu!" Akainuka. Hakuinuka kwa ajili ya shikamoo, ameinuka kwa ajili ya gemu. "Gemu mzee haitaki mchezo. Chukua hii 4K."

Nikamuuliza 4K ndiyo nini. Akasema ni picha kali. Pembeni yake ikining'inia nyingine imeandikwa 8K. Nikaiuliza hiyo. Akasema hiyo ni kali mara mbili. Sasa mimi hesabu nilisoma, macho yakapanda juu kwenye kiboksi cheusi chenye maandishi ya kung'aa: 24K.

"Na ile?"

Kijana akashusha sauti. "Ile mzee ni dhahabu."

Nikaona mambo ndiyo haya. Nne, nane, ishirini na nne. Kama nane ni kali mara mbili ya nne, basi ishirini na nne mwanangu ataona hadi jasho la refa. Nikauliza bei. Akasema, "Kwako mzee, 45K."

Nikamwambia hizo K arobaini na tano ndizo nazitaka hasa, nipe hiyo. Akacheka, jirani yake akacheka, mama lishe aliyekuwa anapita na sinia akasimama acheke. Ikabidi nielezwe mbele ya kadamnasi kwamba K ya kwanza ni picha, K ya pili ni picha, K ya tatu ni usafi wa dhahabu iliyopakwa kwenye pini, na K ya nne ni shilingi zangu.

"Dhahabu inafanya nini kwenye picha?"

"Haishiki kutu, mzee. Dar hii ina chumvi ya bahari."

Naishi Tabata. Bahari naiona sikukuu. Lakini ameshaufungua, ameupitisha mkononi mwangu, mzito, una kitambaa cha kusuka kama kamba ya kengele, na mtu mzima ukishashikishwa kitu mbele ya watu, kukirudisha ni kazi. Yule mwanafunzi alinieleza yote, na yote nilikuwa nayakumbuka neno kwa neno wakati mkono wangu unatoa pochi. Nikamshusha mpaka 30,000, nikaondoka nimeshinda. Mashine yenyewe mwisho wake ni mistari 1080. Hizo 4K na 8K ni sawa na kumvika kasuku miwani.

Nikachomeka jioni. Giza. TV ikaandika Kizungu chake kwamba hakuna kinachoingia. Nikachomoa nikachomeka. Giza. Mtoto akanitazama, mama yake akanitazama, hata paka. Nikalala na hasira zangu, na leo alfajiri nikaondoka.

Kijana wa Aggrey hakutikisika. Akanionyesha kwa kidole karatasi ukutani: Mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia mali gani, hii kamba ya kengele! Nilisema mengi. Nilisema habari za haki, na ujumbe wangu, na mbuzi nadhani nilimtaja. Alipoona watu wanaanza kujaa akachukua waya, akaufunga kwenye king'amuzi chake na TV yake. Picha ikawaka safi, mtangazaji kama yuko dukani na sisi. "Waya mzima, mzee. Mashine yako ndiyo haitaki." Nikaomba maji ya kunywa.

Nikarudi. Na nani kalitatua? Mtoto wa jirani, miaka tisa, kaja kuomba chumvi. Akauliza mlikuwa mnatumia waya wa njano? Ndiyo. Akasema basi mashine bado inatuma picha kwenye tundu la njano, haina habari kama mmehama. Akaizima, akabonyeza kitufe cha kuwashia akakishikilia, moja, mbili, tatu, nne, tano, ikalia mlio wa kwanza, ikalia wa pili, akaachia. Picha hiyo. Majani unayahesabu. Dakika ya 63 ni 63. Mtoto wangu akapiga kelele, nami, sifichi, nikakaa. Nilikaa dakika kumi nikiangalia nyuzi za wavu.

Mtoto wa jirani akachukua chumvi yake akaondoka. Kwake K hazimhusu.

Halafu mke wangu, Mama Zuhura, akatoka jikoni. Saa moja kasoro, tamthilia yake inaanza. TV yetu ina matundu mawili ya HDMI, moja liliungua siku ile umeme uliporudi kwa kishindo, kwa hiyo lililobaki ni la king'amuzi. Hakusema neno. Alisimama tu na mwiko.

Nikapata akili: king'amuzi kiende kwenye njano, kina tundu lake. Nikachukua ule waya wa rangi tatu. Upande wa TV sawa, upande wa pili pini yake bapa, pana, haingii popote duniani isipokuwa kwenye mashine za ukoo wake. "Basi kesho utapitia Kariakoo," akasema. Kupitia! Kama vile Kariakoo iko njiani kwenda chooni.

Kwenda siendi. Ndiyo sababu nimekaa hapa na huu mfuko, mfuko wetu wa nyaya, kila nyumba inao. Ni wa plastiki, ile iliyopigwa marufuku Juni 2019, na ungali mzima kuliko vilivyomo ndani. Nimetoa waya wa pasi iliyokufa. Waya wa spika moja. Antena ya kopo. Kuna wa njano kweli, lakini kichwa kimoja kimetafunwa, na sitaki kujua na nani. Na chini kabisa chaja ya kobe, bado na betri ya simu ndani imebanwa, betri imevimba kama andazi. Simu yenyewe siikumbuki. Ila chaja hii ilikuwa na taa, ukichomeka inawaka nyekundu, kijani, bluu, nyekundu, na Zuhura akiwa mdogo tulikuwa tunamlaza kwa hiyo, maana alikuwa hataki giza. Hebu nione kama bado inawaka.