Luthuli Avenue: mtu amepata njia, mzigo upite wapi?

Kila inapozungumzwa habari ya kuwaachia watembea kwa miguu mtaa mwingine wa katikati ya Nairobi, mwenye duka huhesabiwa kuwa mtetezi wa magari. Huambiwa analilia maegesho, anaogopa mabadiliko, hajui hata wateja wake hufika dukani kwa njia gani. Maneno hayo nimeyasikia tangu 2019, serikali ya kaunti na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, walipoijenga upya Luthuli Avenue, na kila mara naona kuna jambo moja ambalo mfanyabiashara huyu hukatizwa kabla hajalimaliza.

Haki ya anayetembea haina utata. Katika jiji hili, takriban safari nne kati ya kila kumi hufanywa kwa miguu, na hata anayepanda matatu hutembea akishashuka. Katika takwimu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, watembea kwa miguu ni zaidi ya theluthi moja ya wanaouawa barabarani nchini. Sera ya kaunti ya mwaka 2015 iliahidi kuwatengea wao na waendesha baiskeli asilimia 20 ya bajeti ya barabara. Anayeikumbuka Luthuli ya zamani, magari yakienda na kurudi na watu wakipita kiubavu kati ya bampa na bampa, hawezi kusema kwamba njia ya magari ya upande mmoja, miti, mabenchi na njia pana za miguu vilikuwa anasa. Sitaki tuirudie hali ile.

Lakini Luthuli ni mtaa wa vifaa vya umeme. Anayenunua simu huitia mfukoni akaenda zake. Anayenunua televisheni ya inchi 55, au spika mbili za kanisa pamoja na mashine yake, anasimama mlangoni na kuanza kupiga hesabu. Mnunuzi huyu ndiye ninayetaka tumtazame, kwa sababu katika michoro ya mitaa mipya huwa hayumo. Wengi wa aina yake hawakuja na gari. Wameshuka matatu, wakatembea hadi dukani, wakahesabiwa miongoni mwa watembea kwa miguu tunaowapigania. Wakitoka dukani na boksi ndipo wanapokuwa tatizo. Boksi lazima lifike River Road kwenye ofisi za vifurushi, au kwenye steji ya magari ya nyumbani kwao, na kila hatua ambayo chombo cha kubeba kimesogezwa mbali na mlango ni shilingi za mbebaji zinazotoka mfukoni mwa mnunuzi. Mwenye gari lake anaweza kwenda kununua kwenye mall yenye maegesho, akapakia na kuondoka. Gharama inabaki kwa yule aliyekuja kwa miguu.

Duka nalo hulipa. Mteja wa jumla kutoka Murang'a au Kitui, anayekuja kujaza duka lake la kijijini, hachagui mtaa kwa uzuri wa miti. Anataka kujua mzigo utatokaje na atalala nyumbani au la. Akiona taabu, atahamia mtaa wa pili ambao bado gari linafika mlangoni, na msongamano wote tuliouondoa Luthuli utahamia huko pamoja naye. Hapo tutakuwa tumemhamishia mtembea kwa miguu wa mtaa wa pili adha ileile.

Tulishawahi kuonjeshwa kidogo. Tarehe 3 Desemba 2018, chini ya Gavana Mike Sonko, matatu zilizuiwa kuingia katikati ya jiji. Abiria walishushwa pembezoni, wakamaliza safari kwa miguu, wazee kwa vijana, wenye watoto na wenye mizigo. Amri ile haikumaliza wiki. Iliwaumiza watu walewale ambao mji usio na msongamano ungewafaa zaidi, kwa kuwa aliyeitoa aliyaona magari asione yaliyobebwa ndani yake.

Wapo wanaojibu kwa mfano wa Copenhagen, ambako mtaa wa Strøget ulifungiwa magari mwaka 1962 na biashara ikaendelea. Ni kweli. Huko magari ya bidhaa huruhusiwa asubuhi, kisha mtaa unabaki wa watu. Utaratibu huo unalifaa duka linalopokea mzigo asubuhi na kuuza vitu vya kubebwa mkononi mchana. Luthuli mzigo huingia na kutoka siku nzima. Mteja aliyefika saa tano anataka kuondoka saa tisa, na kumwambia arudi kesho alfajiri ni kumfukuza.

Wafanyabiashara nao wana lawama yao. Kuna wanaotoa spika na vibanda hadi katikati ya njia ya miguu, na wapo wanaoegesha magari yao wenyewe mbele ya duka tangu asubuhi hadi jioni, kisha wanalalamika kwamba mteja hana pa kusimama. Katika hilo siwatetei. Nafasi ya kupakia kwa dakika kumi na tano na nafasi ya kulaza gari kutwa ni vitu viwili tofauti, na nahisi kuvichanganya ndiko kulikowanyima wasikilizaji.

Ninachokiona kinawezekana ni hiki: mtaa ubaki wa watu, lakini ncha zake mbili ziwe na sehemu za kupakia zinazosimamiwa, na mkokoteni upewe njia inayotambulika. Mkokoteni hauna injini. Ukiwa unasema unajenga kwa ajili ya usafiri usio na injini, huwezi kuchora baiskeli na kuuacha mkokoteni nje, ilhali ndio unaobeba biashara ya River Road. Unahitaji kingo zilizoteremshwa ili magurudumu yapande bila kuinuliwa na watu watatu, na msukumaji wake anahitaji leseni anayoweza kumwonyesha askari wa kanjo, yaani wa kaunti, bila kuingia mfukoni.

Kabla kabro, yaani matofali ya kutandika njia, hazijapangwa kwenye mtaa mwingine, wapimaji wakae hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wakishahesabu watu na magari, wahesabu na maboksi: yametoka mangapi, yamebebwa na nani, na yamekwenda umbali gani kabla ya kupata gari.