Adabu ya Kumjibu Mwajiri

Tangu nihamie Ujerumani nimekaa pande zote mbili za meza ya usaili, na nimeanza kuamini kwamba Watanzania wengi tunamwonyesha mwajiri heshima nyingi mahali isipohitajika, kisha tunamnyima pale anapoihitaji kweli. Tunamsalimu kwa unyenyekevu na kumwita mheshimiwa, lakini tukipata kazi kwingine tunatoweka bila kuaga.

Huku, mwombaji aliyekwisha kukubali nafasi nyingine hutarajiwa kuwaandikia waajiri waliobaki kwamba anajiondoa. Barua pepe yenyewe huwa ya mistari michache: anashukuru kwa kuitwa, anasema amepata kazi, anawatakia heri. Hakuna anayemuuliza ameajiriwa wapi wala kwa mshahara gani. Niliwahi kuwa kwenye jopo lililopokea barua ya namna hiyo asubuhi ya siku ya usaili, na kabla ya saa sita mchana mwombaji wa akiba alikuwa amekwisha kupigiwa simu.

Kwetu simu ya ofisi ya rasilimali watu huita mpaka ikakatika. Mara nyingi huo si ujeuri. Mhusika anaona kumkatalia mkubwa waziwazi ni kukosa adabu, hasa kama aliunganishwa na mjomba au rafiki wa baba, ambaye naye ataaibika, kwa hiyo anaacha jambo life lenyewe. Haya hiyo naielewa, ila siitetei, kwa sababu gharama yake humwangukia mwombaji wa pili, anayesubiri nyumbani wakati nafasi yake imeshikiliwa na mtu asiyeitaka.

Hata hivyo, waajiri wetu wamechangia. Matangazo mengi ya kazi huhitimishwa kwa onyo kwamba watakaochaguliwa kwa usaili tu ndio watakaojulishwa, na hata waliosailiwa mara nyingi hawaambiwi lolote. Aliyetangaza tangu mwanzo kwamba hatajibu ana haki gani ya kushangaa asipojibiwa? Ujerumani nako wapo wanaonyamaza, lakini barua ya kukataliwa, hata iwe baridi namna gani, ni jambo la kawaida.

Katika kuacha kazi, sheria za nchi hizi mbili zinakaribiana kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya 2004, inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, ukiondoa mwezi wa kwanza wa ajira; Ujerumani kiwango cha msingi kwa mfanyakazi ni wiki 4, zinazoishia tarehe 15 au mwisho wa mwezi, na katika kipindi cha majaribio ni wiki 2. Ila Wajerumani wanadai barua ya karatasi yenye sahihi ya mkono, na anayeaga kwa ujumbe wa simu huhesabika kuwa bado yumo kazini. Huko huko Ujerumani, ajira ikishatolewa notisi, mfanyakazi akiomba, mwajiri anapaswa kumpa muda wa kutosha wa kutafuta kazi nyingine, jambo ambalo lingewaepusha bibi zetu na maradhi mengi ya ghafla tunayowasingizia siku za usaili.

Kwenye makabidhiano, lakini, nasimama upande wa nyumbani bila kusita. Hapa nimeona mtu akirudisha kompyuta na funguo siku yake ya mwisho, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumuuliza swali. Kisheria yuko sahihi kabisa. Rafiki yangu aliyehama ofisi Tanzania bado hupokea simu ya mhasibu anayetafuta faili fulani, naye humweleza kabati lipi na rafu ipi, bila malipo yoyote. Bosi wake wa zamani ndiye mdhamini wa kwanza kwenye wasifu wake, na waajiri wapya wakimpigia, hupokea.