Meno ya mbele ya chini: mfereji wa pili utafutwe au uachwe?

Katika picha ya eksirei, jino la mbele la chini huonekana jepesi kutibu: mzizi mmoja, mfereji mmoja mwembamba (njia ya ndani ya mzizi yenye uti, yaani nyama laini ya jino, ambayo daktari huisafisha na kuiziba). Lakini picha hiyo hupigwa kutoka mbele, na jino lenyewe, ingawa ni jembamba upande kwa upande, lina unene kutoka mdomoni kwenda ulimini. Mifereji ikiwa miwili, wa nyuma hufichwa na mwenzake.

Mwaka 1974 watafiti Benjamin na Dowson walichunguza meno 364 ya aina hii. Asilimia 41.4 yalikuwa na mifereji miwili, ila yaliyokuwa na matundu mawili tofauti kwenye ncha ya mzizi ni asilimia 1.3 tu. Mtafiti mwingine, Vertucci, katika takwimu za 1984, alikuta mfereji mmoja mfululizo katika asilimia 70 ya meno ya katikati. Mingi kati ya iliyobaki ilianza mmoja, ikagawanyika, kisha ikaungana tena.

Wanaopinga msako huishika hiyo 1.3. Kama mifereji hukutana kabla ya ncha, wanasema, ukiziba mmoja vizuri umefunga njia ya yote, na hakuna sababu ya kukwangua dentini (sehemu ngumu inayounda jino) ya jino dogo kuliko yote mdomoni. Hoja ya udhaifu wa jino ni ya kweli kabisa. Ile ya kuziba siikubali: uti uliooza ukiachwa kwenye tawi la nyuma ni chakula cha bakteria, na kizibo kikivuja kidogo tu, sumu yao hufika kwenye mfupa.

Isitoshe, msako wenyewe hauli jino kama inavyodhaniwa. Mfereji unaosahaulika ni wa upande wa ulimi, chini ya bega la dentini, yaani ukingo unaoufunika. Tundu la kuingilia analotoboa daktari hurefushwa kuelekea huko huko kwenye unene. Hatari ya kutoboa mzizi iko ubavuni, ambako hakuna haja ya kugusa.

Skani ya 3D kwa kila mgonjwa, hapo naona ni kupitiliza, maana mionzi yake huzidi ya picha ya kawaida. Picha ya pili, mtambo ukisogezwa pembeni kidogo, mara nyingi hutosha. Hata ile ya kwanza ina dalili: mfereji unaofifia ghafla katikati ya mzizi huenda umegawanyika hapo. Skani ingojee jino lililotibiwa ambalo bado linauma au linatoa usaha.