Mkungu Uliochaguliwa na Simu

Wakwe walikuwa njiani kutoka Masaka, na kwa watu wa Masaka chakula ni matooke, yaani ndizi za kupika, vingine ni vitafunio. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Biashara ya vipuri ndiyo iliyonileta Busia, upande wa Uganda, na mke ndiye aliyenizuia nisirudi. Kwangu ndizi zilikuwa mbili tu: ya kupika na ya kula. Shemeji yangu, fundi wa kompyuta, aliposema, "Mlamu, twende sokoni, simu itachagua," nilimshukuru kwa moyo wote.

Sokoni akaupiga picha mkungu mmoja mnono. Akili mnemba ikajibu kabla hajashusha mkono: matooke safi, yamekomaa, yana potasiamu kwa wingi, yafungwe kwa majani ya mgomba. Kiswahili chenyewe sanifu, hata mimi wa pwani nikaona haya.

Binti muuzaji akakwaruza ganda kwa ukucha, akaugusa utomvu kwa ulimi, akakunja uso.

"Wajomba, hii ni mbidde, ndizi ya pombe. Mnataka kupika tonto?"

Shemeji akacheka. "Binti, mashine hizi zilimshinda Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, mwaka 1997. Zitashindwa na ndizi?"

"Huyo Kasparov alikuwa anauza ndizi soko gani?"

Tukalipa.

Hapa nina ugomvi na walimu wangu. Tulilelewa tukiambiwa mwenye akili ni bingwa wa hesabu na sataranji. Anayezijua ndizi kwa ulimi huyo "hakusoma". Sasa hesabu na sataranji mashine imeshazibeba. Na mtaalamu wa roboti, Hans Moravec, aliandika tangu 1988 kwamba ni rahisi kuifanya kompyuta ifaulu mitihani ya watu wazima, lakini kuipa macho na mikono ya mtoto wa mwaka mmoja ni kazi pevu. Binti wa Busia hakumtaja, ila ni yeye aliyekuwa akimsema.

Mke wangu alikwenda stendi kuwapokea wazazi, kwa hiyo tukamenya wanaume wawili. Utomvu ukatuganda vidoleni hata kisu kikakataa kuachia mkono. Shemeji akaiuliza simu kwa kidole kimoja kilichosalia kisafi. Ikajibu kuwa ni kawaida.

Kwa mila za Buganda, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaketi pamoja, basi mama mkwe akapakuliwa chumba cha pili, nyuma ya pazia. Baba mkwe akatia tonge mdomoni. Midomo ikamjikunja kama anayetaka kupiga mluzi, na mluzi haukutoka. Nyuma ya pazia kukawa kimya, kisha kikohozi kirefu.

Mke wangu akaonja, akanitazama. Hakuhitaji kusema.

Shemeji, jasho likimtoka, akaiandikia simu kwamba chakula ni kichungu. Ikajibu kwa uchangamfu uleule, naye kwa kuchanganyikiwa akaisoma kwa sauti: "Uko sahihi kabisa! Asante kwa kunisahihisha. Mbidde haifai kupikwa. Zivundike shimoni mpaka ziive, changanya na nyasi, kisha kanyaga kwa miguu hadi maji yatoke."

Pazia likatikisika.

"Iulizeni hiyo simu," akasema mama mkwe, "miguu inayo?"

Nusu ya mkungu ilikuwa bado haijamenywa. Sote tukageuka kuitazama suruali mpya ya shemeji.