Ng'ombe Anayelia Buchani

Mimi uasi sikufundishwa na mtu. Bi mkubwa anasimulia kwamba siku niliyozaliwa mkunga alinigeuza kichwa chini miguu juu, akanizaba kofi nilie kama watoto wa watu. Nikamkazia macho. Akazaba la pili, nikapiga chafya. Kilio nilikitoa kwa wakati wangu, saa nane za usiku, na sikunyamaza mpaka jirani akahama Buguruni na kuhamia Mbagala.

Chekechea nikapewa picha ya nyumba, eti paka paa rangi nyekundu. Nikampaka mwalimu. Shule ya msingi ndiyo usiseme: nilichora kwenye madawati, milango ya vyoo, na mgongoni mwa shati jeupe la kiranja aliyekuwa amesinzia. Viboko nilivyokula vingetosha kuzungushia boma.

Nilipochaguliwa chuo kusomea uchoraji, baba mdogo akaitisha kikao cha ukoo. "Miaka mitatu unasomea kuchora? Kwani hujui?" Shangazi akauliza kwa upole kama kuna mganga yeyote tumeshamwona.

Chuoni nako! Mwalimu kapanga mezani maembe mawili, kipande cha papai na mtungi. "Choreni mnachokiona." Jamani, bumu, ile hela ya mkopo wa wanachuo, halijaingia, tangu jana nina chai kavu tumboni, halafu mtu ananiwekea maembe niyatazame! Muda ulipoisha mezani palibaki mtungi na kokwa mbili, na karatasi yangu ilikuwa na mtungi na kokwa mbili. Uhalisia mtupu. Akanipa sifuri.

Kila nikikemewa namtaja marehemu Edward Saidi Tingatinga. Mtu wa Tunduru, chuo cha sanaa hakukikanyaga, mwaka 1968 kaanza kuchora Dar kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, anauzia pale Morogoro Stores, Oysterbay. Leo jina lake ni mtindo mzima wa uchoraji. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni jambazi, ila kipande hicho simsimulii bi mkubwa, ana presha.

Tatizo ni kwamba yule bwana alichora vya kwake, sisi tukabaki kufyatua tembo. Tembo na Kilimanjaro, tembo na jua linazama, tembo na mtoto wake. Nikaapa: mkono huu hauchori tembo! Nikachora foleni ya maji ya mtaani kwetu, madumu ya njano mpaka kona, kina mama wawili wameshikana kanga. Mtalii kaja, katazama weee, kauliza tembo yuko wapi. Nikamwambia yupo nyuma ya dumu la tatu, kakata tamaa na foleni. Akamtafuta robo saa nzima, kisha akaenda kununua tembo wa jirani yangu.

Na hawa ndugu wa "nichore basi, nitakupa soda"? Unamchora, anakuja juu: mbona pua kubwa? Ndugu yangu, pua umekuja nayo mwenyewe!

Sasa mama mwenye nyumba anataka kodi, na kodi hapokei kwa picha. Nikaenda kwa mwenye bucha. Anataka ng'ombe mnene ukutani, chini paandikwe "Nyama Safi". Anasisitiza ng'ombe atabasamu. Nikajiuliza, ng'ombe gani mwenye akili timamu atatabasamu mlangoni pa bucha? Nikamchora analia. Chozi kubwa kama yai, jicho linamfuata mteja mpaka kwenye mzani.

Wateja wakifika wanamtazama, wanasita, wanavuka barabara kununua dagaa. Kuna mzee alivua kofia akampa pole. Mwenye bucha ananitafuta na panga lake la kazi, anataka nifute na hela nirudishe. Kazi ya sanaa haifutwi, nimemwambia, nikiwa mbali kidogo.

Jana usiku kabisha hodi mwenye bucha wa mtaa wa pili, kashika mfuko wa utumbo. Ng'ombe yule akiendelea kuwepo ukutani, utumbo utakuja kila Jumamosi. Utumbo! Kwa chozi lile? Tumebishana mpaka kaongeza maini. Mnofu anasema atatoa nikimchora na ndama pembeni, naye awe analia.