Aliyebakiza Mwaka Mmoja

Anayewaambia vijana kwamba chuo ni kupoteza muda hakosi majina matatu ya matajiri wa teknolojia mfukoni. Bill Gates aliacha Harvard mwaka 1975. Mark Zuckerberg naye akaacha Harvard hiyo hiyo. Steve Jobs alijitoa Reed College baada ya muhula mmoja (ingawa aliendelea kuvizia vipindi bila kulipa ada). Basi kijana aliyebakiza mwaka mmoja anasikia hayo, anafunga begi.

Sisemi hoja hiyo haina miguu. Mwaka 1973 mchumi Michael Spence, ambaye baadaye alishiriki Nobel ya mwaka 2001, alionyesha kwamba cheti kinaweza kumpandishia mtu mshahara hata kama masomo yenyewe hayakumwongezea ujuzi wowote. Mwajiri hamjui mwombaji, anatafuta dalili. Na kwa kuwa chuo humlemea zaidi asiye na uwezo, kukimaliza kunakuwa dalili. Kwa hesabu hiyo, mihadhara na mitihani yote ni chekeche la bei ghali. Ongeza mikopo, ongeza wahitimu wanaozunguka na bahasha mwaka wa tatu sasa. Hao hawahitaji maelezo, kila ukoo unaye mmoja.

Lakini kuna namba tatu ambazo zimenikaa kichwani. Kwa takwimu rasmi za kazi za Marekani za mwaka 2023, mwajiriwa wa muda wote mwenye miaka 25 na kuendelea aliyeishia sekondari alikuwa na kipato cha kati cha dola 899 kwa wiki, yaani nusu yao walipata zaidi ya hapo na nusu pungufu. Aliyeingia chuo akatoka mikono mitupu, dola 992. Mwenye shahada ya kwanza, dola 1,493.

Yule wa katikati ndiye anayeninyima raha. Kalipa ada, kakesha, pengine kakaa darasani miaka miwili au mitatu, na nyongeza yake juu ya yule ambaye hakukanyaga chuo kabisa ni dola 93. Aliyevumilia hadi mwisho anampita yeye kwa dola 501. Ingekuwa kila mwaka wa masomo unalipa sawa, angekuwa ameshaonja nusu ya faida, au zaidi. Hakuonja. Kala ng'ombe mzima, kashindwa na mkia.

Mfuasi wa Spence atadakia hapo: si nilisema, ni karatasi tu! Nakubali, karatasi ina fungu lake. Wachumi wana hata jina lake, athari ya ngozi ya kondoo, kwa sababu vyeti vya zamani viliandikwa juu ya ngozi. Nakubali pia kwamba wanaomaliza mara nyingi ndio waliokuwa na wazazi wenye uwezo, afya, na nyumba tulivu ya kusomea. Ukiyatoa hayo, pengo litapungua. Ila tazama hoja yake inampeleka wapi. Inaweza kumshauri kijana asianze. Aliyefika mwaka wa mwisho haiwezi kumshauri aache, maana kama thamani yote imo kwenye karatasi, huyo ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kumaliza.

Na karatasi ina mwisho wake. Siku ya pili kazini imeshafungiwa kwenye faili, kinachobaki mezani ni wewe. Nilipokuwa naandika utafiti wangu wa mwisho, sura ya nne ilirudi mara tatu. Mara ya tatu msimamizi alizungushia wino mwekundu neno moja tu, "hivyo", akaandika pembeni: kutokana na nini? Nilikasirika. Nikakaa usiku mzima nahesabu upya madodoso, moja moja, ili nimwonyeshe. Alfajiri nikakuta "hivyo" yangu haikuwa na kitu chini yake. Nilikuwa nimeruka kutoka kwenye jedwali hadi kwenye nilichotaka kuamini. Leo kanuni za takwimu nilizotumia zimenitoka karibu zote, lakini nikishika ripoti ya mtu yeyote jicho linakwenda lenyewe kwenye "hivyo". Aliyelipa mtu amwandikie ana cheti kama changu. Usiku ule hana.

Turudi kwa Gates, maana bado hajatendewa haki. Alianza kuandika programu akiwa na miaka 13, shuleni, wakati kompyuta ilikuwa kitu cha nadra. Alipoondoka Harvard tayari yeye na mwenzake Paul Allen walikuwa na programu ya kuuza na kampuni ya kuinunua. Kijana mwenye mteja wa kweli na hesabu zinazokubali, mimi simzuii mlangoni. Wengi ninaowaona wakiacha hawana mteja. Wamechoka, au wamefeli somo moja wakaona aibu kulirudia. Wapo pia walioishiwa ada au kuugua. Hao usiwahutubie bidii, watafutie ada.

Halafu kuna namna ya kuacha. Gates aliondoka kwa ruhusa, mlango ukabaki wazi nyuma yake. Barua moja ya kuahirisha masomo, chuo kikiikubali, huwa inatosha kuliacha jina kwenye rejesta na alama mahali pake. Wengi hawaiandiki. Wanaacha kuhudhuria, wanabadilisha namba ya simu, na miaka mitano baadaye wanauliza kama wanaweza kuendelea walipoishia.