Jumba la Bukindo linataka wapangaji

Jumapili nililipa kiingilio kuona Spencer House, hapa London, na kilichonifurahisha ni kitu kidogo tu. Mama aliyetutembeza alisimama kwenye sehemu ya kuotea moto, marumaru imechongwa ikachongeka, akatuambia ile ni nakala. Yenyewe iling'olewa wakati wa vita kukwepa mabomu, ikapelekwa Althorp, kwenye jumba lao la shamba. Hakuona haya kusema.

Hiyo ni nyumba ya ukoo wa Diana. Earl Spencer wa kwanza aliijenga kati ya 1756 na 1766, mgeni akiingia ajue amefika kwa mtu. Kuna chumba kina nguzo za mitende ya dhahabu, na dirishani unatazama Green Park. Lakini miaka ya 1920 wenyewe walihama. Ikaingia klabu ya wanawake, wakaja wapiga mnada wa Christie's, zikaja ofisi, hadi 1985 kampuni ya Jacob Rothschild ilipoichukua kwa mkataba mrefu na kuirudishia sura yake. Leo ni ofisi na ukumbi wa hafla, Jumapili wanaingia watu kama mimi.

Nikatoka pale na Bukindo kichwani, jumba la chifu kwenye kisiwa chetu cha Ukerewe. Watu wa Ukerewe hamhitaji kuelezwa. Chifu Gabriel Ruhumbika alilijenga lile jumba mwaka 1928, na bibi yangu alikuwa akipunguza sauti tukipita karibu. Uchifu ulifutwa 1963. Jumba likakosa kazi. Mara ya mwisho nilipofika nilizunguka baraza peke yangu, wala sikupata mtu wa kuniambia lolote.

Najua nitakavyojibiwa. "Umevuka maji, sasa unatufundisha." Ndugu yangu, mimi ni mtoto wa Nansio, hapo hapo Ukerewe, nimevuka ziwa kwenda Kirumba, Mwanza, nimekalia gunia la machungwa, na hakuna maji ya huku yanayonituliza kama yale. Wala siwasifii Waingereza. Devonshire House waliibomoa 1924, Norfolk House 1938, majumba ya kifahari kuliko hata hili. Lililobaki limebaki kwa sababu lilikuwa na mpangaji, na mpangaji huziba paa linapovuja.

Mwingine atasema, machifu tuliwaacha, nyumba yao ya nini? Sijaomba machifu warudi. Spencer hawakurudi kwao pia, nyumba inaishi.

Kisha atakuja wa kusema serikali itenge fungu. Hapo ndipo ninapochoka! Mnangoja fungu na mvua haingoji. Pangisheni. Chumba kimoja ofisi, kingine maktaba ya watoto, harusi zifanyike barazani, na kimoja kiachwe kwa historia ya Wakerewe. Msiniambie kwetu hayawezekani, maana Bujora, makumbusho ya Wasukuma, iko pale Kisesa karibu na Mwanza, kazi aliyoianza Padri David Clement, na ngoma za sherehe ya Bulabo bado zinakusanya umati.

Desemba nikishuka Nansio nataka nikute mtu mlangoni, anikatie tiketi, na mama yangu nimlipie ya kwake. Kisha atutembeze bila kuona haya: nani alijenga, nani aliondoka, mlango upi ni wa 1928 na upi umewekwa juzi.